Miaka sita ya kuandikwa "yupo nyumbani"

Mdadisi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu alipobisha hodi kwetu mwaka 2021, nilikuwa nimeshika beseni la maji ya moto. Ilikuwa saa ya kumgeuza mama. Nikamwomba avumilie kidogo, akakaa kwenye jiwe pale nje, maana sisi wa milimani Mwanza mawe ndiyo viti vyetu. Nilipomaliza nikatoka nikifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa kijana mwenye adabu, ana kishikwambi chake, na maswali yalikuwa mengi. Moja limenikaa kichwani hadi leo: ndani ya siku 7 zilizopita, nilifanya kazi yoyote ya kulipwa au ya kujipatia kipato, hata kwa saa moja? Hapana. Nilitafuta kazi? Hapana. Ningepata kazi leo, ningeweza kuanza? Nikatazama pazia la chumba cha mama. Hapana.

Sikuona alichokiandika, nilikuja kuelewa baadaye. Kwa hesabu za watu wa takwimu, mwenye majibu kama yangu hawekwi hata kwenye kundi la wasio na ajira. Asiye na ajira ni yule anayetafuta, au ambaye walau yuko tayari kuanza akiipata. Mimi nilikuwa nje ya nguvu kazi kabisa, pamoja na wanafunzi, wazee na wagonjwa. Mtaani wana neno fupi zaidi: "yupo tu nyumbani."

Hilo "tu" ndilo limenifanya niandike.

Kabla ya hapo nilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Ninaijua ile kazi mpaka usingizini: kisu kinaingia nyuma ya shavu, kinalala juu ya uti wa mgongo, kinateleza hadi mkiani bila kuacha nyama, kisha unageuza upande wa pili. Mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki, yanaenda kwa wanunuzi wao, minofu inaenda kwenye barafu. Sakafu baridi, buti za mpira, malipo kwa siku uliyofanya kazi. Haikuwa kazi ya kutajirika, lakini ilinilisha mimi, mwanangu na mama.

Mwaka 2015 mama alipata kiharusi. Tuliporuhusiwa kutoka hospitali ya Bugando upande wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yamekwama. Nyumba yetu iko juu, gari linaishia chini, halafu unapanda kwa miguu kati ya mawe. Vijana wanne walimpandisha kwenye godoro wakipokezana, na kila walipotua kupumua mama alikuwa ananishika kidole. Siku ile ndipo nilijua kwamba kumshusha tena itakuwa shughuli, na kwamba wa kubaki naye ni mimi. Kaka yangu alikuwa na kazi Shinyanga na alituma alichoweza. Kiwandani niliomba ruhusa ya wiki mbili. Sikurudi.

Nitaieleza ile siku ya kukaa nyumbani, kwa sababu wanaosema "tu" hawajawahi kuiona. Kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongoni, mchana na usiku. Maji ndoo nne, kutoka bombani chini mpaka juu. Uji laini, kijiko baada ya kijiko, akikohoa unasubiri. Kufua mashuka kila siku, na msimu wa mvua hayakauki. Kumkanda mkono, kumnyoosha vidole kimoja kimoja kama nilivyofundishwa wodini. Mtoto arudi shule, ale. Halafu usiku, saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa. Miaka sita.

Ilipofika wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na mwisho ukawa Januari 2020, mimi sikuwa na kitambulisho cha taifa. Kupanga foleni ya NIDA kulitaka siku nzima, na siku nzima sikuwa nayo. Laini yangu ikasajiliwa kwa jina la kaka. Lilionekana jambo dogo. Lakini maana yake ni kwamba hata shilingi 5,000 niliyotumiwa ilikaa kwenye akaunti ya mtu mwingine, na kila mlango wa serikali uliohitaji namba ya NIDA ulikuwa umefungwa kwangu kabla sijaufikia.

Mama alifariki mwishoni mwa 2021. Ilipopita arobaini watu walinitazamia nitarudi kazini. Wengine walisema wazi: sasa mzigo umetuliwa, amka. Sikuamka. Kiwandani zamu zilikuwa zimepungua kwa sababu samaki wenyewe wamepungua ziwani, na waliokuwa wanachukuliwa ni wasichana wadogo. Lakini kusema kweli sikwenda hata kuuliza. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimesahau namna ya kuongea na mtu asiye mgonjwa. Na usiku, saa tisa kamili, nilikuwa naamka na kuketi kitandani ili nimgeuze mtu ambaye hayupo.

Jirani yangu wa bonde la pili alikuwa mlengwa wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Msimu ule alikuwa kwenye ajira za muda, wao wenyewe mtaani waliuibua mradi wa kutengeneza njia ya kupanda huku kwetu. Kila asubuhi nilimsikia akigonga mawe na wenzake, na jioni alipita kunisalimia na vumbi lake, akiniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Mayu, habari za kutwa?" Ndiye aliyemwambia afisa maendeleo ya jamii wa kata kwamba pale juu kuna mwanamke amejifungia.

Afisa alikuja Februari 2022, kwa miguu, viatu mkononi kwenye ule mteremko. Ni mdogo kwangu, akaniamkia shikamoo dada. Nilitegemea fomu. Akaniomba maji ya kunywa, akakaa kwenye jiwe lile lile, akasema: "Dada, nisimulie siku yako inaanza saa ngapi na inaishaje." Nikaanza kumsimulia, na katikati nikagundua kwamba nasimulia siku ya mama. Nikalia mpaka nikaona aibu. Hakunipa pole za haraka. Alingoja. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau: "Uliyoyafanya miaka sita ni kazi ya watu watatu. Tukitafuta cha kufanya sasa, tutaanzia hapo, hatuanzii sifuri."

Mkopo hakuutaja siku ile. Nasisitiza hili kwa sababu viongozi wengi wakija mtaani wanaanza na fedha, na mtu aliyekaa ndani muda mrefu fedha inamtisha. Anaona deni.

Alirudi wiki iliyofuata na habari kwamba maofisa wa NIDA watakuwa karibu, akanielekeza barua ya mwenyekiti wa mtaa na viambatisho vya kubeba, na siku yenyewe yule jirani wa TASAF akanisindikiza. Tulishinda kwenye foleni tukila michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilipopata namba yangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kusajili laini kwa jina langu. Nilikuwa na miaka 41.

Ndipo akanipeleka kwenye kikundi. Walikuwa wanawake 10, mimi wa 11, wengi wao wachuuzi waliofahamiana miaka. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa mwaka 2018, ikazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni msaada mzuri na ninautetea popote. Ila una tundu moja. Mkopo ni wa kikundi, na kikundi huundwa na wanaoonana: sokoni, kwenye kikoba, msibani. Aliye ndani na mgonjwa haonekani popote. Bila yule afisa kupanda mlima nisingekuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, hata kama fedha zingejaa benki. Na alikuwa peke yake kata nzima, hana hata pikipiki.

Tuliandika katiba, tukafungua akaunti, tukachagua viongozi. Biashara tuliyochagua ni dagaa: kununua wabichi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kukausha, kuuza soko la Mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi wanatoka hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Maombi yetu yakapanda ngazi kwa ngazi. Mapema 2023 tukaambiwa tukae mkao wa kula.

Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza bungeni kwamba utoaji wa mikopo ile umesimamishwa ili kutafutwe utaratibu bora. Sababu zilieleweka: ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilikuwa zimeonyesha fedha nyingi hazirejeshwi, na kuna vikundi vilivyokopeshwa ambavyo havikuwepo. Naunga mkono kuziba mianya hiyo. Lakini aliyelipa gharama ya wale wa vikundi hewa ni sisi tuliokuwa tumekaa kwenye benchi na majina yetu ya kweli. Mikopo ilirudi 2024, na yetu ikatoka mapema 2025. Miaka miwili. Kati yetu 11 tukabaki 6. Mmoja, tena aliyekuwa hodari kutuzidi wote, alichoka kusubiri akachukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili alipie ada ya mtoto. Walimchukulia cherehani, kisha godoro. Alihama mtaa usiku. Huwa namkumbuka kila tunapofanya marejesho.

Wapo wanaoniambia kwamba ule muda wa kusubiri ulitusaidia, kwa kuwa tulijifunza kazi kabla ya deni. Kujifunza tulijifunza. Lakini hicho kingewezekana kwa miezi mitatu ya mafunzo, na yule mwenzetu angekuwa nasi.

Tulichofanya wakati huo ni kuweka hisa ya shilingi 2,000 kila wiki na kuanza na ndoo chache za dagaa. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ninaipenda kazi hii. Dagaa anavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inalala. Kunapokucha wanashushwa, na wewe una saa chache kabla hawajaanza kulainika. Ukiwamwaga mchangani watakauka, lakini watabeba mchanga, na mnunuzi akitafuna mmoja ukakwaruza meno, bei inashuka hadi ya chakula cha kuku. Ukiwaanika kwenye kichanja cha wavu, upepo unapita juu na chini, jua likiwa zuri wanakauka siku hiyo hiyo na wanabaki wanang'aa kama sindano mpya. Aliyekauka sawasawa unamjua kwa mkono: shika konzi, bana, wanalia kama majani makavu, na mmoja ukimkunja mgongo unakatika. Akipinda bila kukatika, mrudishe kichanjani.

Mzigo wetu wa kwanza mkubwa tuliupoteza kwa mvua. Novemba, asubuhi nyeupe isiyo na wingu, tukaanika ndoo 14. Saa nane mchana upepo ukageuka kutoka ziwani, na kabla hatujafikisha maturubai mvua ikawa imetukuta. Tulifunika wachache. Waliobaki walibadilika rangi usiku ule, na kulipokucha harufu ilitosha kutuambia. Tulikaa chini ya kichanja, hakuna aliyeongea. Niliwaza kurudi juu mlimani na kufunga mlango, na ninajua kabisa kwamba ningefunga. Kilichonizuia ni kwamba mhasibu wetu alitoa daftari palepale, mikono ikiwa na magamba, akasema kila mtu ataje hasara yake ni shilingi ngapi. Tukataja. Ilipogawanywa kwa watu wote ikawa kitu cha kubebeka. Peke yangu ile mvua ingekuwa mwisho.

Tangu siku hiyo turubai linafika kichanjani kabla ya dagaa.

Fedha zilipotoka, milioni 6, zilikuta watu wanaojua pa kuziweka. Tulijenga vichanja vya miti na wavu, tukanunua maturubai mazito, na mtaji wa kuingia mwaloni bila kukopa kwa madalali. Tatizo likawa kalenda. Marejesho ni kila mwezi, tarehe ile ile. Dagaa hawajui tarehe, wanajua mwezi wa angani. Kuna mwezi tarehe ya marejesho inaangukia katikati ya mbalamwezi, mitumbwi imelala siku kadhaa, na mfukoni hamna kitu. Mwanzoni tulihangaika sana, hadi tukaanzisha mfuko tunaouita mfuko wa mbalamwezi: kila siku ya giza tunayouza, sehemu ya fedha inatengwa na haiguswi. Imetusaidia, hatujakosa rejesho. Lakini wanaopanga mikopo ya watu wa ziwani wangetuuliza, tungewaambia tangu mwanzo kwamba marejesho yafuate giza. Mkulima wa pamba humwambii alipe kabla ya kuvuna.

Januari 2024, Rais Samia alikuja hapa Mwanza kuzindua ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo. Nilifurahi, ziwa linahitaji njia nyingine zaidi ya kuvua kile kidogo kilichobaki. Ila nilipowatazama wenzangu wa milimani, wenye wagonjwa ndani, wenye watoto wenye ulemavu ambao hakuna wa kubaki nao, niliona kizimba kiko mbali sana na mlango wao. Mtu huyo hahitaji kizimba kwanza. Anahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa kwa saa nne. Katika vikao vyote nilivyohudhuria, na sasa nahudhuria vingi, hicho ndicho kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye bajeti. Nimekisema mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mbele ya diwani, na nitaendelea kukisema.

Kikundi chetu tumejaribu kidogo. Tunapokezana. Mwenzetu mmoja ana mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe, kwa hiyo kila siku ya mzigo mmoja wetu anabaki kwake na analipwa sawa na walioko kichanjani. Kuna waliotuona wajinga, kumlipa mtu aliyekaa nyumbani. Mimi ndiye niliyesimamia hoja hiyo, na siku tuliyoipigia kura ilipita bila anayepinga.

Afisa wetu alihamishwa mwaka jana. Kabla hajaondoka aliniomba nimsaidie atakayekuja, nimwonyeshe milango. Ndivyo nilivyofika mwezi uliopita kwa mama mmoja wa bonde la chini, mkubwa kwangu, mumewe amelala mwaka wa tatu. Mtu aliyenielekeza alisema, "Yule yupo tu." Nikapiga hodi, nikaamkia, nikakaa. Sikutaja kikundi. Nikamwuliza, "Mayu, siku yako inaanza saa ngapi?"

Alinitazama muda mrefu. Kisha akaanza: saa tisa usiku, kumgeuza mzee.

Kutoka nje hawezi, kwa sasa. Watoto wako mbali, na mzee akiachwa peke yake anaogopa. Lakini dagaa wetu wakishakauka wanatakiwa kuchambuliwa, kutoa furu wadogo, vijiti na waliovunjika, kabla ya kufungwa kwenye pakiti. Tunalipa kwa kilo, na kazi hiyo inafanyika popote penye mwanga na mkeka. Nilimweleza. Akauliza kama mikono yake bado inafaa, akaninyooshea niione.

Jumamosi nilimpelekea beseni la kwanza. Alilivuta hadi karibu na kitanda, upande ule ambao mzee anaweza kugeuza shingo, akakaa chini na kuanza kuchambua. Mzee alikuwa anafuata vidole vyake kwa macho. Baada ya muda akanyoosha mkono wake mzima, akaokota kijiti kimoja kwenye beseni, akamwekea mkewe kiganjani.